Boriti ya Hamsini na Tisa

Siku hizi kule Uingereza mbao zilizokufa huamshwa, na sheria ni moja tu: nyumba iliyochipua haikatwi wala haipigwi msumari, hata tawi likiziba mlango wa choo.

Mwanaesha, mzaliwa wa Siyu, alikuwa mtunzaji wa nyumba ya mbao za mti wa mwaloni yenye umri wa miaka mia sita. Kuta zake alizipenda tangu siku ya kwanza, maana zilikuwa za fito na udongo, kama za bibi yake. Lakini mbao ndizo zilizomwacha mdomo wazi: boriti hamsini na nane, zimepinda kama mbavu za ng'ombe, zimeshikana kwa vigingi vya mti bila msumari hata mmoja. Mafundi wa kale waliichongea kila boriti namba yake kwa patasi, wasije wakakosea kuiunga. Kila asubuhi Mwanaesha alizihesabu, akipapasa majani mapya.

Leo alifika hamsini na nane, na mkono ukagusa nyingine. Nyuma ya majani, juu ya kitanda chake na mumewe, palikuwa na boriti mbichi, na namba yake imechongwa tayari.

"Umeichonga wewe?" mumewe, Shee, aliuliza.

"Mimi? Nitathubutuje!"

"Subhanallah! Basi nyumba inaongeza chumba." Shee akacheka kwa mshangao. "Lakini cha nani, mke wangu? Si tuko wawili tu?"

Mwanaesha aliushusha mkono taratibu, akauweka tumboni. Alikuwa hajamwambia mtu. Mwenyewe alijua jana tu. Na boriti ile, kwa unene wake, haikuanza kuota jana.