Nyayo za Kiboko

Niliyaona kwa macho yangu haya, masika yale mbu walikuwa wakubwa kama kunguru. Mama Nungunungu alikuwa na chandarua, ila miba ya wanawe ilikitoboa chote, kitindamimba akashikwa na homa.

"Shemeji, hicho chandarua au chekecheke?" Kiboko alicheka mpaka mto ukafurika.

Mama Nungunungu akatafuta mbu wanakozaliwa. Kumbe ni kwenye nyayo za Kiboko mwenyewe, zimejaa maji mlangoni pa Mama Nungunungu! Akaita ukoo mzima, wakazifukia zote. Mbu wakahama, mtoto akapona.

"Haya jirani, sasa pita kwingine," akamwambia Kiboko, kifua mbele.

Kiboko akaomba radhi. Hapo tu ndipo nimetunga. Kiboko gani anaomba radhi?