Niandike wa Kwanza

Barua ilisema muuguzi amepata ufadhili wa shahada ya uzamivu: miaka minne ya kutafiti jinsi ya kuwakinga watu na madhara ya kamari. Alimsomea baba yake mara mbili, wamekaa jikoni.

"Hongera, mwanangu," baba alisema, macho kwenye simu. Alikuwa akibashiri mechi. "Sasa utatuambia timu gani zitashinda."

"Baba, nimekueleza mara ngapi? Ni kuzuia, siyo kubashiri!"

"Basi, usinifokee."

Kidole gumba chake kiliendelea kusugua kioo. Ngozi ya ncha yake ilikuwa imekomaa na kung'aa kama kisigino.

Muuguzi alichoka hata kugombana. Akaanza kuikunja barua.

"Hao watu utakaowahoji," baba aliuliza ghafla, "utawatoa wapi?"

"Watajitolea wenyewe."

Baba akailaza simu kifudifudi mezani. "Niandike mimi wa kwanza."

Kanuni za chuo zilikuwa wazi: ndugu wa mtafiti hawaruhusiwi. Muuguzi alifungua mdomo amwambie. Simu ikatetemeka. Baba hakuigeuza.

Muuguzi akasogeza kiti chake karibu, akachukua kalamu.

"Ulianza lini, Baba?"