Vidonda vya Tumbo

Kijiko kiligonga kikombe jikoni mara moja, kisha kukawa kimya. Nje bado kulikuwa giza la alfajiri. Daktari Wen Shulan alijua mumewe anamkorogea uji.

Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa ametibu saratani, na desturi aliyorithi kwa walimu wake kule China haikubadilika: mgonjwa haambiwi, wanaambiwa ndugu zake nje ya mlango. "Mwambieni ni vidonda vya tumbo," huwashauri. "Atakula, atalala." Jana majibu yaliyotoka yalikuwa yake mwenyewe, na daktari mwenzake akamwita mumewe pembeni.

Mumewe, Guoping, aliingia na kikombe, akawasha taa, akaketi kitandani.

"Mama Lian, nimeongea na daktari mwenzako. Ni vidonda vya tumbo tu."

"Vikubwa?"

"Aa, vya kawaida. Mtu unashinda na njaa wodini, ulitegemea nini?"

Alijaribu kucheka. Shulan alimtazama usoni. Maneno hayo alikuwa ameyatia vinywani mwa waume wangapi, mabinti wangapi? Wagonjwa wote waliitikia kwa kichwa na kumshukuru. Sasa alijiuliza kama yuko hata mmoja aliyeamini.

Alikipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa nimeanza kuogopa."

Mlangoni alisimama binti yao Lian, amekumbatia mto, nywele zimesimama upande mmoja.

"Mama, baba alikuwa analia jikoni."