Wimbo wa Mji Wenye Amani

Mbithe alisimamisha kidole katikati ya ganda la mbaazi, akasikiliza. Wimbo ulikuwa umefika pale unapolegea kama unaotaka kukatika. Haukukatika. Filimbi ilirudi polepole, nyuzi zikaifuata, naye akaendelea kumenya.

Wimbo ulitoka katika nyumba ndogo ya mwanawe, Mulinge, ng'ambo ya uwanja. Mlango wa nyumba hiyo ulitazama ua wa nyuma, kwa hiyo kutoka kibarazani Mbithe aliona ukuta tu, na dirisha lenye pazia. Hakuhitaji kuona. Muziki ulimwambia yote.

Ulikuwa mchezo wa kompyuta, wa falme za kale. Unajenga mji, unalima, unafanya biashara, unangoja maadui. Mji ukiwa na amani, ni filimbi na nyuzi. Adui akionekana mbali, wimbo haubadilishwi; ngoma moja inaingia chini yake, kisha nyingine, mpaka wimbo ule ule wa kubembeleza unaanza kutisha.

"Ndiyo maana mtu hausahau, mwaitu," Mulinge alimweleza mama yake siku za kwanza. "Ni wimbo wa nyumbani. Ukisikia ngoma ndani yake, unajua ni kwako kunakovamiwa."

"Na unaisha wapi?"

"Hauishi. Usipoguswa, utazunguka tu."

Mulinge alikuwa na kazi Nairobi. Alikuja Kanyangi kumzika baba yake na hakurudi tena. Alijifungia na kompyuta yake, na majuma yale ya mwanzo ngoma zilivuma kutwa nzima. Mbithe alikaa kibarazani akizihesabia haki: kijana anapigana na huzuni yake, mwache apigane. Lakini asipigane peke yake. Mumewe alianguka siku ambayo Mbithe alikuwa ametoka kidogo tu kwenda sokoni mjini Wote, na aliporudi alimkuta amekwisha kupoa. Hangemwacha mwanawe naye vile. Mradi wimbo ulilia, Mulinge alikuwa hai.

Tena alikuwa akipata nafuu. Tangu mvua zianze, hakuna ngoma hata moja iliyosikika. Mji ulikuwa na amani toka asubuhi hadi jioni. Saa ya chakula Mulinge alikuja akala kama mtu aliyeshinda akilima, kisha akaenda kulala mapema. Mbithe alimshukuru Mungu kwa ajili ya usingizi huo.

Geti lililia. Katunge aliingia, jirani yake mwenye duka la nafaka sokoni, kichwani amefunga kitambaa cha akina mama wa kanisa.

"Mama Mulinge, vaa viatu twende. Wenzetu wameshakaa."

"Na mtoto nimwache na nani?"

"Mtoto gani? Yule mwenye ndevu?"

"Usinicheke. Sikiza vile ametulia leo."

Katunge aligeukia dirisha lenye pazia. Alisikiliza, akairekebisha leso kiunoni, ingawa ilikuwa imekaa vizuri.

"Ametulia kabisa," alisema. "Hata mimi huo wimbo umenishika. Jumapili niliuimba nikiosha sufuria za kanisa, pasta akaniuliza uko ukurasa gani."

Mbithe alicheka, na kicheko kikamshangaza mwenyewe.

"Basi nisindikize mpaka getini tu," Katunge alisema. "Ukichoka, unarudi."

Mbithe aliweka sinia chini. Walipita kando ya tangi la maji, wakapita banda la kuku. Wimbo ulikuja nyuma yao. Kila ulipofika pale pa kulegea, Mbithe alisimama, na Katunge alisimama pia bila kumharakisha. Filimbi iliporudi, walitembea.

Getini, barabara ilionekana kupitia nafasi kati ya mabati. Mbuzi wa mtu walikuwa wakila majani ya mvua mtaroni. Paa la kanisa lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote.

"Akitoka asinikute?"

"Atajua mama yake ameenda kanisani. Kwani ni jambo la ajabu?"

Mbithe alishika komeo. Lilikuwa baridi, na lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka. Alilisogeza kidogo. Nyuma yake nyuzi zilikuwa zikipanda, tamu, bila haraka.

Zikakatika.

Hazikulegea. Zilikatika katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Ni stima," Katunge alisema. "Mama Mulinge, ni stima imepotea. Ngoja."

Mbithe alikuwa ameshaanza kukimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope. Aliizunguka nyumba ndogo na kuupiga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Mulinge. Fungua. Mulinge, ni mimi."

Mlango haukuwa umefungwa. Ulisukumika.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kiti kilikuwa kimeingizwa chini ya meza, mbele ya kompyuta iliyozimika. Mbithe alitazama nyuma ya mlango, akatazama chini ya kitanda, akafunua hata pazia. Mwanawe hakuwemo. Alishika mgongo wa kiti, moyo ukipiga ngoma ambazo hakuzisikia tangu mvua zianze.

Nje ya dirisha, Katunge alikuwa akizungumza kwa simu, sauti chini.

"Mulinge, acha hayo magunia dukani uje, stima imepotea na muziki umenyamaza. Hapana, hajatoka, lakini leo ameshika komeo mwenyewe, mara ya kwanza tangu mazishi. Kesho uiwashe kompyuta tena kabla ya kuja kazini, tuendelee naye polepole."