Jino la Mwanakheri

Vipande viwili vya jino vilipogonga kisahani cha chuma, nikaona mizizi yake. Ilikuwa minene na mirefu. Jino la utoto halina mizizi kama ile. Lile bovu lilikuwa bado kinywani, pembeni ya pengo. Mimi nilikuwa nimeng'oa gego zima la ukubwani, tena nikalipasua.

Mwanakheri, msichana wa miaka tisa, alikuwa akiuma pamba. Hakuwa amelia. Alikuwa ameshika pindo la koti langu kwa vidole vinavyonata kwa maji ya muwa, kwa sababu mwanzoni nilimwambia, "Nishike hapa, sitakuumiza."

"Tupe hilo jino, dokta," alisema bibi yake, aliyemleta Kilosa kutoka Ruhembe. "Akilirusha juu ya bati, litaota jipya."

Nesi akaninong'oneza, "Andika lilikuwa bovu. Nani atajua?"

Nikashika kalamu. Sheria inanitaka niandike kilichotokea na nimwambie mlezi. Leseni yangu ilikuwa ukutani, juu kidogo ya kichwa cha yule mtoto.

Mwanakheri akakunjua kiganja, akingoja jino lake.

Nikavua barakoa. Nikapiga magoti mbele yake, nikavifunga vile vipande kwenye pamba safi, nikaviweka kiganjani mwake, nikamfumba vidole kimoja kimoja.

"Bibi, nimekosea. Nimeng'oa jino lisilouma, na hili haliwezi kuota tena," nilisema. "Msilirushe. Mkienda kunishtaki, watataka kuliona."