Kidole cha Kuonjea

Muuguzi alimvuta Bibi kando, pale mlangoni mwa wodi, akasema polepole ili mkamwana asisikie. Majibu ya maabara yalikuwa yametoka. Kijidudu kilichokuwa katika damu ya mjukuu wake, kile sugu kilichozishinda dawa zote, kilikutwa pia puani na mikononi mwa Bibi.

"Mbona mimi siumwi hata mafua?"

"Huumwi, Mama. Umekibeba tu. Tunadhani umekipata kutoka kwa kuku wako."

Bibi alikitazama kidole chake cha shahada. Ukucha ulikuwa wa manjano, manjano isiyotoka hata kwa kusugua na mchanga. Miaka kumi na miwili alikitumia kukoroga unga wa dawa ya kuua vijidudu katika maji ya vifaranga, wagonjwa kwa wazima, kisha akakiramba kuonja kama uchungu umekolea. Majirani walimtania wakimwita Daktari. Naye aliwajibu kuwa kinga ni bora kuliko tiba, wacheke tu, vifaranga wake hawafi ovyo.

Na tangu mjukuu azaliwe, kila alipolia, alimnyonyesha kidole hicho hicho.

Ndani, mtoto alianza kulia, sauti imebaki nyembamba kama uzi. Bibi aliuficha mkono mgongoni.

Mkamwana aligeuka, macho mekundu kwa kukesha.

"Mama, njoo basi umpe kidole. Kwangu hanyamazi."