Valvu Ndogo

Sindano ya mita ilipopanda, Zedekiah alitabasamu. Tangu asubuhi mtambo wa redio wa polisi ulikuwa hausikiki hata Westlands, mtaa wa karibu, na ni yeye aliyeigundua kapasita mbovu iliyoidhoofisha valvu ndogo, ile taa ya kioo inayosukuma mawimbi kwenye valvu kubwa.

"Mtambo umepona?" aliuliza afisa wa polisi aliyesimama kando yake.

"Umepona, bwana."

Afisa akashika maikrofoni. Akaamuru lori liende Riruta, nyumba ya mabati mekundu nyuma ya kanisa, likamchukue mjane anayewalisha waasi waliojificha msituni.

Zedekiah alikuwa amepanga chumba katika nyumba hiyo. Alipougua malaria, mjane huyo alimnywesha uji kwa kijiko.

Lori lilikuwa bado halijajibu; afisa alipoanza kuirudia amri, Zedekiah akanyoosha mkono, akaishika valvu ndogo. Kioo kilimchoma vidole. Angeivuta tu, mtambo ungenyamaza tena. Lakini afisa aligeuka kumtazama, na mkono ukakataa kuvuta.

"Tumesikia vizuri sana," sauti ikajibu kutoka kwenye lori. "Tunaenda."

"Kazi safi, fundi," afisa alisema. "Mbona unatokwa na machozi?"

"Valvu ni ya moto, bwana," Zedekiah alisema, akaiachia.